Siku za Kwanza Ng'ambo ya Ziwa

Mnamo mwezi wa Agosti mwaka 2025 tulialikwa kuwa mgeni rasmi katika hafla ya kumuaga binti mmoja wa mtaani kwetu Kirumba, hapa mjini Mwanza, aliyekuwa akienda Kampala kusomea uuguzi. Hafla ilifana. Turubai lilifungwa tangu asubuhi, viti vilikodiwa, pilau ikapikwa katika masufuria makubwa matatu, na kijana wa muziki alilipwa ujira wake kabla hata hajafungua spika. Tulipokaribishwa kusema tulisimama tukasema kwa muda wa nusu saa kamili. Tulisema juu ya uzalendo, juu ya amani ya nchi yetu, juu ya wajibu wa msomi kwa jamii iliyomsomesha, na Baba wa Taifa tulimtaja mara nne au tano. Wananchi walitupigia makofi, nasi tukaketi hali tumeridhika.

Siku ya saba baada ya binti kuondoka, tukiwa ndio kwanza tumetoka kuswali Isha, baba yake alitubishia hodi. Ni mtu wa makamo, mvuvi wa dagaa na mchuuzi pale Mwaloni, asiyezoea kusema sana. Tulimkaribisha kiti, hakuketi. "Ndugu Katibu," alisema, "mtoto analia, anataka kurudi. Na mimi mashine nimeshaiuza."

Kwa wasomaji wetu wasiokaa kandokando ya Ziwa tueleze kwamba mashine ni ile injini ifungwayo nyuma ya mtumbwi. Ndugu huyu alikuwa na mitumbwi miwili na mashine mbili. Moja aliiuza ili apate karo, nauli na gharama za mtu aliyejiita wakala wa vyuo vya nje. Tangu siku hiyo mtumbwi mmoja umelala kifudifudi mchangani, na vijana wanne waliokuwa wakitoka nao usiku wa giza kuwasha taa na kutega dagaa wamekosa kazi. Kwa hiyo chozi la yule binti huko Kampala halikuwa jambo la mtu mmoja. Lilikuwa limebeba nyumba tano mgongoni.

Tulimwomba simu tukazungumza na binti mwenyewe. "Shikamoo, baba mdogo," alisema, kisha akanyamaza kwa kitambo kirefu. Maelezo yake tuliyapata kidogo kidogo. Basi lilifika Kampala usiku. Wakala aliyeahidi kwamba atakuwapo mtu wa kumpokea hakuleta mtu, na simu yake ikawa haipatikani. Dereva mmoja wa teksi alimchukua akamzungusha, akamtoza fedha ambazo hakujua ni nyingi au chache, kwa kuwa shilingi yao na yetu zina jina moja lakini hazina thamani moja. Asubuhi alipofika chuoni alikuta kwamba chuo kipo kweli, jina lake limo, na masomo ni yale yale. Ila zile fedha alizolipa zilitosha karo ya muhula mmoja tu. Bweni hulipwa mbali. Sare za wodini hulipwa mbali. Kitabu cha mazoezi ya vitendo hulipwa mbali. Wakala alikuwa amesema "kila kitu kimo ndani". Siku sita zile binti alikuwa amelala katika chumba cha kupanga kwa usiku mmoja mmoja, akila mara moja kwa siku, na hakuwa amesalimiana na mtu yeyote isipokuwa karani na muuza maji.

Hapa inatupasa tujikosoe, kama tulivyofundishwa katika Chama kwamba kujikosoa hutangulia kukosoana. Katika ile hotuba yetu ya nusu saa hatukumwambia binti huyu atalala wapi usiku wa kwanza. Wala si kwamba hatukujua. Sisi wenyewe tulivuka mpaka ule ule mwaka 2002, tukiwa vijana, tukaonja yale yale. Tulikuwa tumeyasahau, au pengine tuliona haya kuyasema mbele ya watu tukiwa tumevaa suti.

Tulikwenda kwa meli ya MV Victoria. Mama yetu alikataa kwa siku mbili, na haki alikuwa nayo. Ni miaka sita tu ilikuwa imepita tangu MV Bukoba izame karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 na kuua mamia ya watu, na hakuna mtaa hapa mjini ambao haukuweka matanga. Makaburi ya Igoma yapo hadi leo. Mwishowe alikubali kwa kuwa njia ya nchi kavu ilikuwa mbovu na pantoni ya Kigongo na Busisi ilimfanya msafiri angoje nusu siku. (Binti yetu wa mwaka 2025 alipita juu ya daraja la Kigongo na Busisi lililofunguliwa mwezi wa Juni mwaka huo, basi likavuka kwa dakika chache tu. Hayo ni maendeleo, na hatuoni aibu kuyasema.) Tulisafiri usiku kucha, asubuhi tukateremka Bukoba, tukapanda gari hadi Mutukula, na pale wabadili fedha walituzunguka wakiwa na mafungu ya noti mikononi kama wauza karanga.

Alfajiri ya kwanza Kampala tuliamka kuswali. Mtu aliyezaliwa Mwanza akisimama kuelekea kibla hulielekea Ziwa, maana Ziwa liko kaskazini mwetu na Makka iko huko huko kaskazini. Tangu tulipokuwa chuoni kwa maalimu, tukiwa na ubao na wino wa masizi, mwili wetu ulizoea hivyo: palipo na maji ndipo palipo na kibla. Basi tuliuliza Ziwa liko upande gani, tukaoneshwa, tukatandika mkeka tukalielekea kwa moyo safi kabisa. Tulikuwa tumeipa Makka mgongo. Kampala iko upande wa pili wa maji, na kwao Ziwa liko kusini. Kijana mmoja wa Busoga aliyelala chumba kile alitungoja tumalize, akatushika mabega taratibu akatugeuza, asiseme neno. Tuliswali upya. Hatukumbuki jambo lolote jingine la siku ile, lakini mikono ya yule kijana tunaikumbuka.

Mambo mengine yalikuwa ya kuchekesha, ingawa wakati ule hayakutuchekesha. Tuliambiwa kwamba jioni kutakuwa na posho, tukafurahi tukidhani tutapewa fedha za kujikimu. Kumbe posho kwao ni ugali. Tuliambiwa tupande teksi, tukakataa kwa kuogopa gharama, tukatembea kwa miguu hadi tukachubuka. Kumbe teksi kwao ni daladala. Tulipata nafuu katika saa: Waganda nao, kama sisi, huanza kuhesabu saa jua linapochomoza, na saa mbili yao ya asubuhi ni saa mbili yetu. Tena salamu zao ni ndefu na zenye heshima, na mwanamke hupiga magoti anapomsalimu mkubwa, jambo ambalo mtoto wa Kisukuma halioni kuwa geni. Mtu husikiliza lugha asiyoijua na ghafla anasikia neno linalopita kama ndugu yake: amazzi, ennyumba, omuntu.

Lakini lipo jambo moja ambalo halikuchekesha, nalo ni Kiswahili chenyewe. Kijana wetu hutoka hapa akiamini kwamba Kiswahili ni ufunguo wa milango yote ya Afrika Mashariki. Kampala tuliona mlango ukifungwa. Kwa wazee wengi wa Buganda, Kiswahili kilikuwa lugha ya askari. Ndicho walichokisikia kwenye vizuizi vya barabarani wakati wa utawala wa Idi Amin, na ndicho walichosema majambazi walipovunja nyumba usiku. Kwa hiyo salamu yetu ya "hamjambo" kwa mama muuza ndizi ilijibiwa kwa jicho. Hakuna aliyekuwa ametuonya. Tulikaa wiki nzima tukidhani tunachukiwa kwa kuwa sisi ni Watanzania, kumbe mambo yalikuwa kinyume. Mwenye nyumba tuliyopanga, mzee aliyekuwapo mjini Kampala tarehe 11 Aprili 1979 majeshi yetu yalipouchukua mji huo, alipojua tumetoka Mwanza alituita mtoto wa "bakombozi", yaani wakombozi, akatupunguzia kodi ya mwezi wa kwanza. Kisha akatushauri tujifunze Luganda upesi, angalau ya sokoni. Siku hizi hali inabadilika, na mwezi wa Julai mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Lakini uamuzi wa baraza haufuti kumbukumbu ya bibi kizee kwa siku moja, na mwanafunzi anayefika leo bado anastahili kuambiwa.

Safari hii si ngeni kwa watu wa Ziwa. Kabla ya mwaka 1961 hapakuwa na chuo kikuu Tanganyika, na aliyetaka elimu ya juu hakuwa na budi kuvuka. Mwalimu Julius Nyerere, mtoto wa Butiama, alisoma Makerere kuanzia mwaka 1943 hadi 1945, kisha akaenda Edinburgh mwaka 1949 akarudi na shahada yake mwaka 1952. Ndugu Paul Bomani, aliyewaongoza wakulima wa pamba wa kanda hii katika ushirika, naye alikwenda Loughborough, Uingereza, katika miaka ya 1950 kusomea mambo ya ushirika. Sisi huwataja viongozi hawa katika hotuba kama kwamba walishuka kule wakiwa wameshakomaa. Walikuwa vijana. Nao walifika usiku mahali wasipopajua. Lililo muhimu kwa mintarafu ya makala haya ni kwamba Mwalimu alipokuwa Makerere, yeye na mwenzake Andrew Tibandebage walianzisha chama cha ustawi wa Watanganyika waliokuwa pale, ambacho baadaye kikawa tawi la TAA. Historia hukumbuka siasa iliyotoka humo. Lakini chama cha ustawi, kwa jina lake, kazi yake ya kwanza ni kujua nani amefika na nani hana blanketi.

Basi usiku ule tulianza na hilo. Tulimuuliza binti kama chuoni hapo kuna Watanzania. Alisema amesikia wapo lakini hawajui. Tulimwambia asirudi chumbani. Aende kantini asimame aseme kwa sauti, kwa Kiswahili, kwamba ametoka Mwanza, na asiogope macho ya watu. Alisema ataona aibu. Tulimwambia aibu ya dakika moja ni nafuu kuliko nauli ya kurudi. Baba yake alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma, akisikiliza.

Haikuwa rahisi kumshawishi baba. Jirani zake wawili walikuwa wamekwisha kumshauri amrudishe mtoto mara moja, kwamba fedha hupotea na kupatikana lakini mtoto hapatikani. Hayo si maneno ya kijinga, na tungekuwa na binti wetu huko pengine tungeyasema sisi. Tulikubaliana angoje wiki mbili. Tuliweka wiki mbili kwa sababu kwa uzoefu wetu siku kumi za mwanzo hazitoi habari ya kweli kuhusu mahali. Zinatoa habari ya njaa na usingizi.

Katika wiki mbili hizo tulipata nafasi ya kuuliza mambo ambayo ilitupasa kuyauliza mwezi mmoja kabla. Kumbe Tume ya Vyuo Vikuu ya nchi yetu hutoa hati ya kutokuwa na pingamizi kwa mwanafunzi anayekwenda kusoma shahada nje, na mawakala wa vyuo vya nje wanatakiwa kuwa wamesajiliwa na Tume hiyo. Kumbe shahada ya nje haitumiki hapa mpaka itambuliwe, na kwa muuguzi kuna baraza lake ambalo lazima limsajili ndipo aguse mgonjwa. Kwa hiyo swali la kwanza kwa wakala lilikuwa liwe hilo, wala si bei. Kumbe, kwa mujibu wa Itifaki ya Soko la Pamoja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoanza kutumika mwaka 2010, raia wa nchi mwanachama anayesoma katika nchi nyingine ya Jumuiya hupewa kibali cha mwanafunzi bila ada. Yule wakala alikuwa ametoza fedha "za kibali". Hatutamtaja, kwa kuwa shauri lake liko mahali panapohusika, lakini tunasema bila kumumunya maneno kwamba kumtoza mvuvi fedha kwa kitu ambacho nchi zimekubaliana kitolewe bure ni unyonyaji, na mirija ni ile ile hata kama siku hizi inavaa tai na kuwa na kadi ya biashara.

Wanaokwenda mbali zaidi wana mitihani yao. Kijana mmoja wa Igoma alikwenda China, na kwa siku nne wazazi wake hawakupata ujumbe hata mmoja. Mama alikwisha kukaa chini kama mfiwa. Kijana alikuwa mzima. WhatsApp imefungwa China, na hakuna aliyewaambia waweke WeChat katika simu zote mbili kabla ya safari. Huko huko, mgeni hutakiwa kujiandikisha polisi ndani ya saa 24 tangu afike, na jukumu hilo humkuta mtu ambaye kichwa chake bado kiko Mwanza, kwa sababu saa zao ziko tano mbele ya zetu. India humpa siku 14 yule mwenye viza ya zaidi ya siku 180. Haya ni mambo madogo yanayojulikana, ambayo mtu mmoja aliyerudi angeweza kuyasema katika robo saa, kabla ya pilau.

Tena kila aendaye na ajiandikishe katika ubalozi wetu wa huko. Vijana hulidharau jambo hili, wakiona ubalozi ni mahali pa wakubwa. Vita vilipozuka Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, Watanzania waliotolewa huko kupitia Ethiopia wengi walikuwa wanafunzi. Siku kama hiyo orodha ya majina ndiyo huanza kutafutwa.

Sasa tunayo hoja moja kwa wenzetu wa matawi na serikali za mitaa. Hapa Mwanza wapo watu wengi waliosoma Kampala, Mbale, Nairobi, Pune, Moscow, Khartoum na Guangzhou. Wengine wanauza vifaa vya ujenzi, wengine ni walimu, wengine ni wabunge. Hakuna anayewaita. Tunawaita wasanii, tunaita wageni rasmi wa aina yetu sisi. Fedha iliyolipia turubai na muziki katika hafla ile, tumeihesabu pamoja na baba mwenye mtoto, ingelipa bweni la binti kwa muhula mzima na chenji ikabaki. Hatusemi watu wasisherehekee; mtoto wa mvuvi kwenda chuo ni jambo la kusherehekea na atakayepinga hilo tutampinga. Tunasema kamati ya hafla iwe na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kujibu swali la usiku wa kwanza, na asipokuwa na jibu, hafla ingoje.

Lipo pia swali ambalo hatuna jibu lake. Mashine ile ililisha nyumba tano. Binti hakuwa na mkopo wala ufadhili. Je, ni haki kwamba vijana wanne wakose kazi ili mmoja asome? Mmoja wao alituuliza hivyo hivyo pale Mwaloni, akiwa ameketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, wala hakuuliza kwa hasira. Tulimjibu kwamba muuguzi akirudi atamhudumia na yeye. Alitutazama. Akasema, "Sawa, Katibu, lakini mimi nakula leo." Tangu hapo tumezungumza na wamiliki wengine wa mitumbwi, wawili kati ya wanne wamepata pa kwenda usiku, wawili bado.

Ama binti, siku ya tatu baada ya simu ile alisimama kantini akasema alikotoka. Walioinuka walikuwa wasichana wawili wa Muleba na kijana mmoja wa Sengerema. Wale wasichana walimchukua chumbani mwao wakalala watatu mahali pa wawili, wakamfundisha pa kupandia teksi, na wakampeleka kwa ofisa wa wanafunzi, ambaye alikubali bweni lilipwe kwa mafungu. Wiki mbili zilipotimia baba yake hakuja kwetu kuuliza neno, nasi hatukumkumbusha.

Hupiga simu kila Ijumaa baada ya Alasiri. Wiki mbili zilizopita tulikuwapo. Mama yake alimuuliza kama amtumie dagaa wa Mwaloni kwa basi. Binti alicheka, akasema dagaa wapo, wanauzwa Ggaba ufukweni, huko wanawaita mukene, ni wale wale wa Ziwa lile lile. Amewapika kwa karanga na wenzake wamekula wakamaliza. Baba yake, aliyekuwa kimya muda wote akishona wavu, aliinua kichwa, akanyoosha mkono apewe simu.

"Huko Ggaba," aliuliza, "kilo wanauza kiasi gani?"